Breka ikikata kila ukiwasha mashine, usikimbilie kuweka kubwa

Ukianza kufanyia kazi nyumbani, grenda, msumeno wa meza, kompresa, haichukui muda breka inaanza kukata. Na ushauri utakaopewa haraka haraka ni "weka ya ampea 32 yaishe". Jamani usifanye hivyo. Breka haikuwekwa kwa ajili ya mashine yako, imewekwa kulinda waya, sasa ukiacha waya wa 1.5 (unene wake, milimita za mraba) ukutani afu ukaweka breka ya 32, waya wenyewe ndo unageuka fyuzi, na utaungulia kule ndani usikouona.

Mimi naanza na hesabu. Kibati cha mashine kinaonyesha wati, gawa kwa volti, kwa mfano grenda kubwa ya wati 2200 kwenye volti 230 inavuta karibu ampea 9.6. Soketi za mashine navutia waya wa shaba wa 2.5 kwa breka ya 20, 1.5 naiachia taa na breka ya 10. Mashine ya kuchomelea inapata laini yake yenyewe kutoka kwenye DB (lile boksi la breka), haichangii na chochote.

Utaniuliza, mbona kompresa ya ampea 10 inakata breka ya 16? Mota ikianza kuzunguka inaweza kuvuta mara tano hadi saba ya kawaida, kwa muda mfupi sana. Angalia herufi kwenye breka: B16 inakata papo hapo kati ya ampea 48 na 80, C16 kati ya 80 na 160. Kwa hiyo mara nyingi dawa ni kubadili herufi, namba inabaki ile ile (ila fundi apime ethi kwanza, maana C inahitaji shoti kubwa zaidi ili ikate haraka).

Soketi nazo watu wanazidharau. Kata mbao dakika kumi, zima, chomoa plagi uishike: uvuguvugu sio mbaya, ila ikiwa moto hadi unaiachia, au tundu limeanza kuwa kahawia na linanuka plastiki, hapo skrubu imelegea au soketi imechoka na breka haitakwambia lolote. Mashine inayovuta ampea 16 haikai kwenye soketi ya 13, tafuta zile plagi za bluu za duara.

Ekstensheni ya kuzungushia, ikunjue yote hata kama unatumia mita mbili tu, ikiwa imejikunja inajipika yenyewe. Na ikiwa ndefu na nyembamba volti zinashuka, mota inanguruma bila nguvu na inaungua mapema.

Halafu breka ya kawaida haikuokoi wewe ukishika waya uliochunika. Kwa hilo weka ile kinga ya milliampea 30 (RCD, inakata umeme ukivuja), na kile kitufe chake cha T kibonyeze mara moja moja, kisipokata mwite fundi hata kama umeme unawaka vizuri.