Mashine Inachemsha na Impela Ni Mpya

Ndugu yangu wa Kigamboni, ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Mashine ya boti ya nguvu za farasi 40, impela tatu za pampu ya maji tangu masika yaishe, na bado inachemsha. Halafu unauliza duka gani Kariakoo lina impela ya kweli. La duka nitalijibu, ila baadaye, maana si hilo linalokuumiza. Mashine ikimaliza impela tatu ndani ya miezi michache, impela ni majeruhi tu. Anayezijeruhi bado yumo ndani, anaisubiri ya nne.

Kwanza niambie: inachemsha wakati gani? Mafundi wengi wa ufukweni hawaulizi hili, wanakimbilia spana. Impela ni gurudumu la mpira lenye mapezi, mara nyingi 6, limekaa ndani ya kikombe cha chuma kisichoshika kutu. Shafti haipiti katikati kabisa ya kikombe hicho. Kwa hiyo upande mmoja mapezi yanabanwa, upande wa pili yananyooka. Yakinyooka yanavuta maji, yakibanwa yanayasukuma juu. Hivyo ndivyo inavyofanya kazi mashine ikinguruma taratibu. Ukifungulia moto, maji yanayakunja mapezi yaachane na ukuta, na impela inaanza kuyarusha maji kama feni.

Ndiyo maana impela iliyochoka inajionyesha kwenye mwendo mdogo. Maji yanadondoka kama mate ukiwa umetulia, lakini ukifungulia yanatoka vizuri: hapo shuku mapezi, kikombe, bati linalokaa chini ya impela, au hewa inayoingia. Ikiwa mwendo mdogo iko salama na inachemsha ukikaza kuelekea kisiwa cha Mbudya, njia ya maji imebanwa, au mguu, ile sehemu ya mashine inayozama majini, uko juu mno. Na ikichemsha kila mwendo huku maji yanaruka kwa nguvu nyuma, iache pampu, nenda kwenye thamostati, ule mlango mdogo unaofunguka kwa joto kupitisha maji.

Kuhusu lile tundu la nyuma linaloonyesha maji: usiliamini kupita kiasi. Maji yale ni tawi dogo tu. Yanakwambia kwamba pampu inasukuma kitu. Hayakwambii kwamba hedi, yaani kichwa cha injini, inapoa. Kuna upande wa pili pia: tundu likiziba kwa chumvi au udongo wa nyigu, utafungua pampu nzima bure. Pitisha kipande cha mshipi mnene wa nailoni, ukisukume polepole, ndipo uhukumu. Ukitaka kujua joto la hedi na huna kipimo, dondoshea matone machache ya maji juu yake. Yakichemka na kukauka hapo hapo, chuma kimepita nyuzi 100, zima mashine.

Nje ya mguu, kagua vichujio vya kuingizia maji, pande zote mbili. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini zile karatasi laini za vifungashio bado zinaelea, hasa baada ya mvua kubwa, Mto Msimbazi unapotapika takataka zake baharini. Moja ikigandia kwenye kichujio inatosha. Halafu pima urefu wa mguu. Lile bati lililo juu ya propela linatakiwa kuwa sawa na upande wa chini wa boti, au chini yake hadi milimita 25 hivi. Boti nyingi za fiba hapa zina ubao wa nyuma mrefu, na mtu anafunga mashine ya mguu mfupi wa inchi 15 mahali panapohitaji inchi 20. Boti ikinyanyuka, vichujio vinavuta hewa pamoja na maji. Impela inalainishwa na maji yale yale inayoyasukuma. Ikikosa maji kwa chini ya dakika moja tu, mpira unaanza kuungua.

Sasa teremsha mguu. Chomoa waya wa plagi kwanza, tenganisha rodi ya gia, legeza boliti kwa zamu, mguu ushuke wima. Pampu iko juu ya mguu, imevaa shafti. Usiishie kutazama mpira. Chukua kikombe na bati la chini, pitisha ukucha. Ukucha ukinasa kwenye mfereji, badilisha. Hakuna msasa utakaorudisha unene ulioliwa na mchanga, na mchanga ndio adui mkubwa wa huku kwetu. Wakati wa bamvua maji yanapwa zaidi ya mita 3, mtu anarudi nyuma juu ya fungu la mchanga kwa nguvu zote, propela inalima, pampu inakunywa tope. Impela mpya ndani ya kikombe chenye mifereji itasukuma maji wiki mbili tatu, halafu mnarudi pale pale. Nadhani, ndugu yangu, hapa ndipo impela zako mbili za mwanzo zilipopotelea.

Tazama pia plastiki ya nyumba ya pampu. Ikiwa iliwahi kukimbia kavu, sehemu ya juu huyeyuka kidogo, inapinda, na hapo hewa inaingia hata kama gasketi ni mpya. Weka kipande cha kioo juu ya uso wake: ikicheza, itupe. Na ile mpira ndogo inayoshika bomba la maji linalopanda juu, wengi wanairudisha ilivyo, imekakamaa kama kokwa. Maji yanavujia pale kabla hayajafika kwenye injini, hedi inapata nusu.

Hesabu mapezi. Mapezi 4 kati ya 6 maana yake mapezi 2 yamo ndani ya mashine. Hayayeyuki. Yanapanda na bomba, yanakwama kwenye kona au nyuma ya thamostati, na ndiyo chanzo cha kuchemsha ukifungulia. Fungua thamostati, ingiza mpira wa maji pale, usukume maji kwenda chini, kinyume cha njia yake, hadi vipande vitoke. Usifunge mguu kabla hujavipata vyote mkononi.

Thamostati ipime kwenye sufuria. Pitisha uzi kwenye mlango wake, uning'inize ndani ya maji, tia kipimajoto, washa jiko. Za mashine hizi nyingi huanza kufunguka kati ya nyuzi 48 na 60. Ikifunguka, uzi unaachia, inaanguka. Isipoanguka maji yakichemka, imekufa. Chumvi nyeupe iliyogandia inatoka kwa siki, ukiiacha saa moja hivi kisha uisuuze vizuri. Na tafadhali acheni ule ushauri wa "itoe tu, nchi yetu ya joto". Mashine isiyo na thamostati inakimbia baridi, mafuta hayaungui sawasawa, plagi zinapata masizi, kisha mnalalamika mashine inakula mafuta.

Kurudisha: paka impela sabuni ya maji au grisi ya mashine za baharini, kii, kile kichuma kinachoishikisha impela kwenye shafti, ikae kwenye mkato wake na grisi kidogo ili isianguke. Shusha nyumba ya pampu huku unazungusha shafti upande wa saa, mapezi yalale upande wake. Baada ya hapo usizungushe kinyume hata mara moja. Gasketi iende kavu, bila silikoni, kwa sababu silikoni ikiminyika ndani inaziba njia ulizozisafisha. Grisi ya shafti ipake ubavuni mwa meno, si juu ya kichwa, kwa kuwa ikikusanyika juu mguu hautafika mwisho. Usipofika, usiuvute kwa boliti. Ingiza gia ya mbele, zungusha propela taratibu upande wa saa hadi meno yakutane.

Sasa la duka. Gerezani na Kariakoo utapata za kweli na za bandia kwenye rafu moja. Kunja pezi kwa kidole: lirudi upesi, lisiache ufa kwenye shina. Impela iliyokaa dukani miaka inakuwa ngumu hata kama pakiti haijafunguliwa. Nunua seti nzima, yaani impela, kikombe, bati, kii na gasketi. Boti inayotoka kila siku kwenye mchanga ifunguliwe kila miezi 6.

Wenye mashine ya dizeli iliyofungwa ndani ya boti, sheria ni zile zile, sehemu tu ndizo zinahama. Anza na koki ya chini ya boti inayoingiza maji, kisha mfuniko wa chujio, ambao mpira wake ukichoka pampu inavuta hewa badala ya maji. Chini ya pampu kuna kitundu kati ya sili mbili. Likitoka tone la maji, sili ya maji imeisha; likitoka oili, ni ya oili. Kitundu hicho msikizibe kamwe, maana maji yatahamia kwenye oili ya injini. Mapezi yaliyokatika yatafuteni kwenye mlango wa kipozeo.

Ukimaliza, usiwashe juu ya nchi kavu "kusikiliza tu". Toa propela, tumbukiza mguu kwenye pipa, maji yafunike mahali pampu ilipo, yaani juu ya lile bati la juu ya propela kwa sentimita 10 hivi au zaidi. Washa bila gia kwa dakika 10 hadi thamostati ifunguke. Tundu la nyuma litoe mkondo usiokatika, maji ya uvuguvugu mkono unaoweza kuvumilia. Yakitoka na viputo mfululizo wakati pampu umeifunga sawasawa, fungua hedi utazame gasketi yake, kwa sababu moshi wa silinda unaingia kwenye njia za maji.