Chokaa, boriti na baraza: maswali ya wasomaji kuhusu nyumba za kale

Asalaam aleikum. Nyumba yetu ya urithi iko Malindi, Mji Mkongwe wa Unguja. Miaka 3 nyuma tulipiga plasta ya saruji sehemu ya chini ya ukuta. Sasa inabanduka vipande vipande na ukuta unatoa unga mweupe. Fundi anataka kupiga nyingine, saruji iwe kali zaidi. Tumkubalie?

Waaleikum salaam. Msimkubalie. Ukuta wenu ni wa mawe ya matumbawe, udongo mwekundu na chokaa, na chini hauna kitu cha kuzuia unyevu. Maji ya ardhini hupanda siku zote, na chokaa huyapa njia ya kutoka hewani. Saruji imeziba njia hiyo. Maji yamekosa pa kutokea, yamepanda juu zaidi, na chumvi yake imeganda nyuma ya plasta, ikavimba na kuisukuma. Unga mnaouona ndio chumvi yenyewe. Plasta kali zaidi itaanguka pamoja na ganda la jiwe.

Bandueni saruji yote kwa patasi na nyundo ndogo. Mashine ya kutoboa msiitumie, maana tumbawe ni jiwe laini. Pandeni hadi nusu mita juu ya alama ya unyevu, kisha kwangueni viungo vya mawe kina cha sentimita 2 au 3. Chumvi ifagieni kwa brashi kavu na unga uzolewe kabisa. Mkiiosha kwa maji mnairudisha ndani. Baada ya hapo uacheni ukuta wazi miezi kadhaa. Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa sababu ukuta ulio uchi unatia aibu mbele ya wageni. Vumilieni.

Chokaa iwe imezimwa kwa maji, kisha kulowekwa shimoni chini ya maji, angalau mwezi 1, na miezi 3 ni bora. Iliyoiva hukatika kwa mwiko kama samli iliyoganda. Ndoo 1 ya chokaa kwa ndoo 3 za mchanga uliooshwa. Mchanga wa ufukweni una chumvi, usiguswe. Lowesheni ukuta, pigeni tabaka la sentimita 1, lishike, ndipo lije la pili. Tundikeni magunia mabichi mbele yake wiki nzima. Chokaa hukomaa polepole kwa hewa, na jua likiiwahi, ukiipitisha kidole inatoka unga. Kwa hiyo fanyeni kazi hii kipupwe, Juni hadi Agosti. Masika mvua itaiosha, na joto la kaskazi litaikausha upesi mno.

Umaliziaji ni chokaa nyepesi kama maziwa, mikono 4 au 5. Rangi ya plastiki itawarudisha mlikotoka. Na ile desturi ya kupaka nyumba chokaa kabla ya Ramadhani irudisheni, mkiwaita na vijana wa nyumba. Haikuwa pambo tu. Mtu mwenye brashi hupita kila shubiri ya ukuta, na ndiye anayeuona ufa ungali mwembamba kama uzi.

Sisi tuko Lamu. Dari ya chumba cha chini imelegea, na juu yake kuna choo. Tumeshauriwa tuondoe boriti zote tumwage zege. Ni sawa?

Kabla ya dari, angalieni choo. Boriti ya mkoko ikiwa kavu hudumu vizazi. Ikilowa huoza, na huanzia kwenye ncha iliyozama ukutani, msipopaona. Chomeni kila ncha kwa bisibisi. Ikizama kirahisi, boriti hiyo imekwisha, hata kama katikati ingali ngumu. Mara nyingi zilizokufa ni 2 au 3 tu chini ya bomba, nyingine nzima.

Zege hatulipendekezi. Ni gumu juu ya kuta laini, na nondo zake hupata kutu haraka kwa hewa ya bahari, zikavimba na kulipasua.

Badilisheni boriti moja moja, lakini kwanza wekeni mhimili: nguzo za muda chini ya mbao inayokatiza boriti zote. Sakafu ya kokoto na chokaa yenye unene wa sentimita 25 hukaribia kilo 400 kwa kila mita mraba, na watu hufa kwa kupuuza uzito huo. Chagueni boriti iliyonyooka, iliyokaushwa kivulini, na ncha zake ziacheni zipate hewa kidogo, zisigandamizwe kwa saruji. Mikoko hukatwa kwa kibali, basi agizeni mapema. Sakafu mpya ipigwe kwa vipande vya mti mpaka ishikamane. Zamani kazi hii ilikwenda na nyimbo, na wimbo ulikuwa na kazi yake: mapigo yakilingana, sakafu hushindiliwa sawasawa. Mkiwa na wazee wanaozijua, waiteni.

Mpangaji wetu anafanya nyumba ya wageni, anataka kuvunja baraza aweke vyungu vya maua. Anasema wanaokaa pale wanafukuza wateja.

Akatazwe, na mkataba useme hivyo kwa maandishi. Baraza hukinga mguu wa ukuta na matone ya mvua yanayoruka kutoka chini, na masika njia ikijaa maji, watu hupita juu yake. Mkiivunja, mtarudi kwetu na swali la kwanza hapo juu.

Ila hata isingekuwa na faida hiyo, tungesema ibaki. Mji Mkongwe uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000 na Lamu 2001, na kilichoenziwa si kuta peke yake. Muuza kahawa na dele lake, wazee na bao lao, wageni wa Maulidi wanaokosa nafasi ndani: wote hao wanahitaji pa kukaa. Mwambieni mpangaji saa za kahawa zinajulikana, alasiri na baada ya isha; awaombe majirani utulivu usiku, na watamsikia. Kazi yoyote ya mbele ya nyumba, hata ndogo, kwanza aombe kibali kwa mamlaka ya uhifadhi.