Mwenzangu wa sala ananipiga vijembe mbele za Mungu

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Mwalimu. Mimi ni mama wa jumuiya moja hapa Ndanda. Kwaresima iliyopita viongozi walitupanga wawili wawili tuwe tunasali pamoja jioni, nikapangiwa jirani yangu. Tulianza vizuri sana. Mwezi wa sita akaja kuniomba hela ya kulipa vibarua wa kupulizia mikorosho. Nikamwambia sina, na kweli sikuwa nayo, nilikuwa nimeshatoa michango ya mtoto shuleni. Tangu hapo, ikifika zamu yake ya kuomba, utamsikia: "Ee Bwana, walainishe wanaokuja mbele zako huku wameifumba mikono." Amina naitikia kwa shida. Juzi ameomba hivyo mpaka ugali ukapoa. Sasa msimu wa korosho unaingia, yeye anahamia shambani. Niombe nibadilishiwe mwenzi, au niache tu sala zife zenyewe? Na tukisali kwa simu, inahesabika?
Mama wa jumuiya, Ndanda

JIBU: Milele amina, mama. Vijembe vya ndani ya sala navijua, nimevisikia miaka yote ya ukatekista wangu, na ubaya wake ni kwamba huwezi kuvijibu. Utamkatisha vipi mtu anayeongea na Mungu?

Kubadilishiwa tukuweke kando kwanza. Kilichomuuma jirani yako ni hela. Hakuamini uliposema huna, akanyamaza, na sasa pa kusemea amepapata hapo kwenye maombi. Sisi tunaipenda sana ile ahadi ya Mathayo 18, kwamba wawili wakipatana katika jambo watafanyiwa. Hiyo ni mstari wa 19. Rudi mstari wa 15: palipo na kukoseana, nenda mkazungumze wewe na yeye peke yenu. Hapo huwa tunaparuka.

Basi mfuate asubuhi, siyo saa ya sala, umkute anafagia uwanja wake. Mwambie, "Jirani yangu, ile hela ya mwezi wa sita haki ya Mungu sikuwa nayo, nilikuwa nimetoka kulipa shule. Naona bado haijakutoka moyoni." Halafu mwache aseme, hata akisema vibaya. Maombi yake usiyataje kabisa. Ukiyataja tu, atasema kumbe huwa unasikiliza sala za watu kutafuta makosa, na mtakuwa na kesi mbili.

Likishasemwa hilo, punguzeni maneno. Ninyi watu wa Ndanda mmekaa na watawa Wabenediktini tangu 1906, kengele zao mnazisikia kila siku. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto wanayoifuata ni ya karne ya 6, nayo inaagiza kwamba watu wakisali pamoja, sala iwe fupi. Anayetaka kuendelea, aendelee peke yake kimyakimya. Inaagiza pia kwamba asubuhi na jioni mkubwa wa nyumba aisali Baba Yetu kwa sauti mpaka mwisho, wote wasikie, kwa kuwa miiba ya kukwazana haikosekani, na lile neno la kusamehe waliotukosea liwabane. Hao ni watawa, mama, wasiokopeshana hela ya vibarua.

Kwa hiyo saa kumi na mbili jioni salini Malaika wa Bwana, someni Injili ya siku, kisha tendo moja tu la rozari, siyo yote matano. Zamu ya nia ikifika, kila mtu ataje shida zake mwenyewe. Tabia za mwenzake asiziombee! Akitaka kukuombea, akuulize kwanza, "Nikuombee nini leo?" Hilo pendekeza wewe, na uanze wewe kumuuliza. Ukimuuliza kwa moyo safi, nadhani atakutajia mikorosho yake, nawe utaiombea kwa sauti. Mmalizie kwa Baba Yetu. Robo saa haifiki, mtu akaendelee na jiko lake.

Simu inahesabika. Ila mtu aliyeinama kuokota mabibo tangu alfajiri usimpigie usiku ukamtolea litania, atalala nayo sikioni. Chagueni saa moja mnayoiweza wote wawili. Mtandao ukikataa au salio likiisha, kila mmoja asali pale alipo kwa saa ileile, kesho yake msiulizane kwa ukali. Akishuka kijijini siku ya jumuiya, salini uso kwa uso.

Na kama mmeshazungumza, mmefupisha, na bado mikono iliyofumba inatajwa, hapo ndipo umwone mwenyekiti wa jumuiya. Mwambie saa zenu zimegongana, ambalo msimu huu si uongo, awapange upya. Habari za hela zisimfikie.