Kabla Hujanunua Siti Mpya za Gari la Kale, Tazama Sakafu

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniandikia: "Shikamoo mzee. Nimepata siti mbili za kimichezo kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani, Dar es Salaam, na fundi anasema anazifunga kwa saa mbili tu. Nizichukue?" Nilimjibu kwamba asizichukue, naye akanyamaza kwa namna iliyonionesha kuwa amekwazika. Hakustahili jibu la neno moja, na kwa kuwa wengi wetu tunaohangaika na magari haya tunapitia njia hiyohiyo, nimeona nieleze kwa urefu yaliyonipata.

Gari langu ni Datsun 240Z, aina ileile iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na tena mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta. Mtu anayemiliki gari lenye historia hiyo hutamani siti inayomkumbatia mbavu, na mimi nilitamani. Siti za asili zilikuwa zimechoka kabisa: springi zimelala, na sponji imegeuka unga wa manjano uliomwagika kwenye kapeti kila nilipokaa.

Nilinunua siti mpya kwa sababu ya uzi wake mwekundu, bila kupima chochote. Fundi alipoishusha ya dereva, kikalio kilizidi kwa sentimita 4 nafasi iliyopo kati ya kizingiti cha mlango na ule mgongo wa katikati unaopitisha gia na shafti. Badala ya kuniambia niirudishe, alizikata reli za siti kwa grenda, akatoboa matundu manne mapya kwenye sakafu, kisha akaifunga kwa bolti zisizo na alama yoyote kichwani, kila moja na washa, yaani kile kipete bapa cha chuma cha kukaa chini ya bolti, ndogo kama sarafu. "Bosi, hii haing'oki," aliniambia. Nikalipa, nikashukuru, nikaondoka nikiwa na furaha.

Miezi mitatu baadaye, kwenye Barabara ya Bagamoyo, bajaji iliingia mbele yangu ghafla. Nilipokanyaga breki, siti ilinyanyuka kwa nyuma na kunisukuma kuelekea kwenye usukani. Kilichoniokoa ni mkanda, ambao ulikuwa bado umefungwa kwenye mwili wa gari na si kwenye siti. Nilipoinama kutazama, niliona washa mbili zimepenya bati na kutokea upande wa pili. Nilirudi kwa yule fundi nikitarajia pole, lakini aliwaambia wateja wake mbele yangu kwamba mimi ndiye nisiyejua kuendesha. Maneno yale yananiuma hadi leo.

Ukweli niliochelewa kuujua ni kwamba kazi ya siti iko chini ya siti. Mara ya pili nilianza kwa kutoa kapeti na kubandua ile lami ya kuzuia kelele iliyowekwa kiwandani, maana chini yake ndiko unyevu wa hewa yetu ya bahari hujificha kwa miaka. Bisibisi ilizama kwenye bati kama kwenye ganda la mkate. Tulikata sehemu yote iliyooza, tukachomelea bati jipya, tena baada ya kufungua betri na kukwangua lami iliyobaki, kwa sababu inawaka. Hatua hii ilikula miezi mingi ambayo haina la kusimulia.

Baada ya hapo tulitengeneza mabamba ya chuma ya kukaa chini ya sakafu. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la michezo ya magari, kwa magari ya mashindano hutaka kila siti ishikwe angalau sehemu nne, kwa bolti zenye kipenyo kisichopungua milimita 8, na kila sehemu igusane na bamba kwa eneo la sentimita za mraba 40. Gari la mtaani halilazimiki kufuata kanuni hizo, lakini zinafundisha jambo la msingi: bati la sakafu ni jembamba, na nguvu ya kusimama ghafla ikitua kwenye washa ndogo, washa itapenya. Tafuta bolti zilizoandikwa 8.8 kichwani, alama ya uimara wake. Isiyo na alama iache dukani, hata kama muuzaji ni rafiki yako.

Pima upana, na upime chini kwenye kikalio, kwa sababu huko ndiko nafasi inakobana. Kaa kwenye siti ikiwa ndani ya gari kabla ya kutoboa tundu lolote, ukanyage klachi hadi mwisho, uone kama kichwa kitagusa paa kwenye matuta. Fikiria pia mkanda. Magari mengi ya sasa yana kishikio cha mkanda kilichofungwa kwenye fremu ya siti, kwa hiyo ukiihamishia siti hiyo kwenye gari la kale, bolti zako zitabeba siti na uzito wako pamoja. Mimi niliacha vishikio mahali pake pa asili. Na ukikuta siti ya mtumba yenye plagi ya njano chini yake, huenda ina mfuko wa hewa ubavuni, ule unaofumuka ghafla gari linapogongwa. Usiichokoe wala usiikate.

Vijana, acheni kununua rangi. Pesa ya kwanza itumike mahali ambapo hakuna atakayepaona.

Jumamosi iliyopita nilikwenda Bagamoyo na kurudi, nikakanyaga breki kwa makusudi mara kadhaa barabara ilipokuwa tupu, na siti ya dereva haikutikisika hata kidogo. Nilijisikia fahari ambayo uzi mwekundu haukuwahi kunipa. Upande wa abiria bado una siti ya zamani, nayo sipakizi mtu, kwa kuwa juzi nilibandua lami ya upande huo na bisibisi ikazama tena.