Kuchapa fulana nyumbani: pesa ya kwanza ipeleke kwenye joto

Karibu kila anayeniuliza namna ya kuanza kuchapa fulana nyumbani kwa skrini, yaani fremu yenye wavu unaopitishiwa wino, huanzia kwenye mashine. Ninunue ya rangi nne au sita? Yenye meza moja au mbili? Naelewa, kwa sababu mashine ndiyo inayoonekana kwenye video. Lakini kazi hii nimeifanya kwa miaka ndani ya chumba cha nyumba ninayoishi, na jibu langu ni lile lile: mashine ndiyo kitu cha mwisho kukuangusha. Mteja hana namna ya kujua kama fulana yake ilichapwa kwenye mashine ya bei kali au kwenye bawaba mbili zilizofungwa juu ya meza. Atakachojua ni kwamba baada ya kufua mara chache nembo imepasuka na inabanduka. Hilo ni suala la joto, na ndipo pesa yako ya kwanza inapotakiwa kwenda.

Wengi huanza na wino wa plastisoli, na mimi pia nawashauri hivyo. Ni chembe za plastiki ya PVC zilizochanganywa na kimiminika cha kulainishia, kwa hiyo haikauki kwa hewa. Unaweza kuuacha wino kwenye skrini, ukala, ukalala, na asubuhi ukaendelea ulipoishia. Kwa mtu anayefanya kazi peke yake, na simu inayoita katikati, hiyo ni neema kubwa. Ila wino usiokauka kwa hewa lazima uivishwe kwa moto. Plastisoli ya kawaida huiva ikifika karibu na sentigredi 160. Zipo pia za joto la chini, zinazoiva karibu na 130, lakini soma kopo, usikisie.

Wengi wananaswa hapa. Plastisoli huacha kunata mapema sana, kabla haijaiva. Unaigusa, haishiki kidoleni, unaikunja fulana na kuitia kwenye mfuko ukiamini kazi imeisha. Kumbe juu pameshika, na chini, pale wino unapokutana na uzi, bado pabichi. Tabaka lote, juu hadi chini, ndilo linalotakiwa kufika kwenye joto hilo. Kipimajoto cha miale kinakusomea uso tu, kwa hiyo kikikuonyesha 160 usikimbilie kuitoa fulana, ipe muda. Wino mweupe uliolazwa mara mbili unataka muda mrefu kuliko mweusi mwembamba, na kitambaa chenye unyevu hula joto jingi kabla wino haujapata chochote.

Kipimo ninachokiamini ni cha mikono. Fulana ikishapoa, shika maandishi kwa vidole gumba pande mbili, uyavute polepole hadi kitambaa kifike mwisho wake. Wino ulioiva unavutika na kurudi. Usioiva unafungua nyufa nyembamba, na ukiangalia ndani ya ufa utaona rangi ya kitambaa. Halafu fua ile ya majaribio, kwa maji moto na sabuni, kausha, fua tena. Sikabidhi kazi ya wino mpya au kitambaa kipya kabla sijaifua mwenyewe.

Wino wa maji ni habari nyingine. Mguso wake ni laini, ukipitisha kiganja juu ya picha husikii kitu, na wateja wengi wanaupenda kwa hilo. Lakini maji yote lazima yatoke kwanza ndipo gundi iliyomo ishike, hivyo unahitaji joto pamoja na hewa inayotembea, na kwa muda mrefu zaidi. Pia hukaukia kwenye skrini ukizubaa. Ukiutaka mapema, tafuta dawa ya kukazia inayochanganywa na wino siku ya kuchapa. Inasaidia sana wasio na tanuri la mkanda, lile linalopitisha fulana ndani yake juu ya mkanda unaotembea.

Vifaa gani, basi? Hita ya kuning'inia, ile bapa inayokaa sentimita chache juu ya fulana, itakufaa kwa kukausha kati ya rangi na rangi, na ukiwa mvumilivu hata kwa kuivisha. Presi ya joto nayo inafanya kazi nzuri: kwanza upashe wino kwa hita bila kuugusa hadi uache kunata, kisha funika na karatasi ya silikoni na ubane kwa nguvu ndogo. Itaulaza wino na kuufanya ung'ae kidogo, jambo ambalo mteja mmoja atalisifu na mwingine atalikataa, kwa hiyo mwonyeshe sampuli mapema. Pasi ya nguo siishauri kwa kazi ya kulipwa, joto lake halilingani sehemu zote.

Kabla hujavinunua, kaa na fundi umeme. Hita ya wati 1,600 na presi ya wati 1,800 zikiwaka pamoja ni wati 3,400. Kwenye umeme wa volti 230 hizo ni karibu ampea 15, na kwenye volti 120 zinazidi 28. Nyaya nyingi za nyumbani hazikutandazwa kwa mzigo wa namna hiyo kwenye mstari mmoja. Waya wa kuongezea usiuingize kabisa katika hesabu hizi. Kama nyumba haiwezi, washa kimoja kimoja na upange kazi kwa kufuata hilo.

Baada ya joto, pesa iende kwenye fremu. Nunua za alumini. Za mbao hunywa maji, hupinda, na fremu iliyopinda haikai sawa mezani hata ufanyeje. Wavu uwe umevutwa barabara, ukiugonga kwa kidole ulie kama ngoma, kwa sababu wavu uliolegea husogeza picha kila unapopitisha skwiji, kile kipande cha mpira cha kusukumia wino. Kuhusu idadi ya nyuzi, usichanganyikiwe na orodha ndefu ya muuzaji. Wavu wa nyuzi 110 kwa inchi, sawa na 43 kwa sentimita, hupitisha wino mwingi na unafaa maandishi makubwa na rangi nyeupe juu ya kitambaa cheusi. Wa 156 unabeba kazi nyingi za kila siku. Wa 230 ni wa mistari myembamba na picha za vitone. Mtu akiniambia ana uwezo wa fremu sita tu, namwambia nne ziwe za 156 na mbili za 110. Za 230 zitasubiri mteja wake.

Sasa giza. Emulsheni, ile dawa inayopakwa kwenye wavu na kugandishwa na mwanga ili izibe kila sehemu isiyo ya picha, inahisi zaidi miale ya urujuanimno, kwa hiyo huhitaji giza totoro, unahitaji chumba kisichoingia mwanga wa jua chenye taa ya njano. Hata chumba kidogo cha kuhifadhia vitu kinatosha, alimradi kiwe na nafasi ya kulaza fremu na kiwe kikavu. Ukavu ndio wenye uzito kuliko vyote. Emulsheni yenye unyevu haishiki vizuri hata ukiichoma, yaani kuimulika kwa taa, kwa dakika sahihi. Unaipeleka kwenye maji, inateleza na kuondoka yote, nawe unailaumu taa. Nunua kipimo cha unyevu, ni kitu kidogo na rahisi, na kisipoonyesha chini ya asilimia 50, weka feni au mashine ya kukausha hewa na usubiri. Osha wavu uondoe mafuta, uache ukauke kabisa, paka upande unaogusa fulana kwanza, kisha upande wa ndani, halafu laza fremu bapa, upande wa fulana ukitazama chini. Hivyo emulsheni inashuka na kukaa upande unaotakiwa.

Emulsheni ipo ya daiazo na ipo ya fotopolima. Fotopolima huiva haraka mno, wakati mwingine kwa sekunde chache tu, na kosa la sekunde mbili linaonekana. Ya daiazo ni ya polepole na inavumilia, kwa hiyo anayejifunza na taa dhaifu aanze nayo. Ukishaichanganya, andika tarehe kwenye kopo, maana uhai wake una mwisho.

Muda wa kuchoma hakuna atakayekupa, hata mimi, kwa sababu unategemea taa yako, umbali wake, wavu wako na unene wa emulsheni yako. Utautafuta mwenyewe kwa skrini moja ya kupima. Weka filamu, ile karatasi angavu iliyochapwa picha kwa weusi, yenye mistari myembamba na minene, funika yote kwa kadibodi isipokuwa ukanda mmoja, washa taa, na kila baada ya muda ule ule sogeza kadibodi ufungue ukanda mwingine. Ukiosha, ukanda uliopata mwanga kidogo utateleza na kuacha utando laini, na uliopata mwingi mno utagoma kufungua mistari myembamba. Katikati ndipo muda wako ulipo. Uandike ukutani. Filamu nayo iwe nyeusi kwelikweli: iinue uelekeo wa taa, ukiona mwanga unapenya kwenye weusi, rudi kwenye printa. Na ilale ikiwa imebanwa na kioo, upande wenye wino ukigusa emulsheni, la sivyo mwanga utaingia pembeni ya herufi na kuzila.

Kuosha skrini ndiko ninakokupenda zaidi. Unailowesha pande zote mbili kwa maji ya taratibu, unasubiri dakika moja hivi bila kuigusa. Picha inaanza kujitokeza kwa rangi hafifu, emulsheni iliyokingwa na filamu inavimba na kulainika. Kisha unaelekeza maji upande wa fulana, na herufi zinafunguka moja baada ya nyingine, mpaka kitako cha herufi ndogo kabisa. Inua fremu uitazame mbele ya taa. Ukiona vitundu vidogo visivyohusika, vifunge kwa emulsheni au utepe sasa hivi. Kila kitundu ulichokiacha ni doa kwenye kila fulana ya mteja.

Kuchapa kwenyewe kunajifunzwa kwa mkono, sitakuchosha nako. Acha mwanya wa milimita mbili au tatu kati ya wavu na fulana ili wavu unyanyuke wenyewe nyuma ya skwiji. Tumia mpira wa ugumu wa 70, ushike karibu wima, na ukiona unasukuma kwa nguvu zote jua kuna kitu kingine hakiko sawa: wino mzito mno kwa wavu huo, au mwanya umekosekana.

Kuhusu kitambaa nitasisitiza. Anza na pamba. Poliesta ina tabia ya kuudhi: rangi yake ikipata joto hugeuka mvuke na kuhamia kwenye wino. Jezi nyekundu yenye namba nyeupe inatoka ikiwa safi, inapendeza, na baada ya siku chache namba zimekuwa za waridi. Kuna wino uliotengenezwa kwa ajili hiyo, unaozuia rangi kupanda na unaoiva kwa joto la chini. Kama huna, ikatae hiyo oda kwa heshima, au ichukue ukiwa umeshajaribu fulana moja na kuiacha wiki nzima.

Na kumbuka hii ni nyumba, kuna watu wanalala humo. Gundi ya kupuliza hujaza hewa na kukaa kwenye mapafu, nunua ya maji ya kupaka kwa brashi. Fungua dirisha na weka feni inayotoa hewa nje wakati wa kuivisha. Ule wino wa kung'oa rangi ya kitambaa hutoa formaldehaidi unapopashwa, na mimi siuruhusu ndani ya nyumba ya familia, hata kwa oda nono. Plastisoli iliyobaki ikwanguliwe irudi kwenye kopo, inayong'ang'ania ifutwe kwa tambara, na isipelekwe kamwe kwenye sinki. Ukitumia dawa ya kuondoa emulsheni vaa glavu na miwani, sugua, suuza mapema. Ikikaukia kwenye wavu, emulsheni hujifungia humo moja kwa moja na wavu huo umekwenda.

Kuhusu bei, tenganisha gharama ya kuandaa skrini na gharama ya kuchapa, na uzionyeshe zote mbili kwa maandishi. Kila rangi ni skrini moja: filamu moja, upakaji mmoja, uchomaji mmoja, na kazi hiyo ni ile ile kwa fulana 5 na kwa fulana 100. Mteja akiiona imeandikwa, mwenyewe ataanza kuuliza kama rangi tatu zinaweza kuwa mbili, na hapo mnazungumza vizuri. Akileta fulana zake, mkubaliane kabla hujaanza ni fulana ngapi za ziada atakazoleta kwa ajili ya zitakazoharibika. Umpelekee picha ya fulana ya kwanza, kipimo cha nembo kutoka kwenye ukosi kikionekana, na uweke skwiji chini hadi ajibu.