Ukitaka kusimamia ghala la data, anza na namba zinakotoka

Wiki hii nimekabidhiwa rasmi usimamizi wa ghala la data katika taasisi ya fedha ninayofanyia kazi hapa Dar es Salaam. Nimefurahi, wala sifichi. Tangu habari zisambae, wadogo zangu wengi wameniandikia, na karibu wote wanauliza jambo moja: "Dada, nianze na programu gani? Power BI? Python? Nikatafute cheti cha Azure?" Hakuna aliyeniuliza namba zinatoka wapi. Mimi nimefika hapa kwa swali hilo.

Kazi yenyewe mnaijua. Mfumo wa mikopo una kanzidata yake, wa amana yake, wa miamala ya simu yake. Usiku data zinachotwa kote huko, zinasafishwa na kupakiwa mahali pamoja, ndilo ghala lenyewe, ili asubuhi mkurugenzi apate majibu bila kuuelemea mfumo unaomhudumia mteja dirishani.

Niliingia kama mtu wa ripoti. Wakati huo kila mwisho wa mwezi jumla ya miamala ya simu kwenye ghala ilikataa kulingana na ya wahasibu, hasa mishahara inapoingia. Aliitwa mtaalamu kutoka nje, akalipwa, akashauri tununue programu nyingine. Mimi nikaenda kukaa na dada mmoja wa usuluhishi wa hesabu, nikamwomba tupitie muamala mmoja baada ya mwingine. Iliyokuwa inaleta tofauti yote ilifanyika kati ya saa sita na saa tisa usiku. Mfumo wa simu ulikuwa unaandika muda kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, na sisi tuko mbele yake kwa saa tatu. Mtu akitoa fedha saa saba usiku wa kuamkia tarehe 1, seva inaandika saa nne usiku, tarehe ya mwisho ya mwezi uliopita. Hakuna shilingi iliyopotea. Zilikuwa zimehesabiwa kwenye mwezi mwingine.

Mistari michache ya SQL, lugha ya kuiuliza na kuiamuru kanzidata, ikamaliza tatizo. Kwenye kikao, bosi wa wakati huo aliwasilisha matokeo na jina langu hakulitaja. Nafasi ya kuongoza ilipotangazwa baadaye, nikaambiwa mimi ni "binti wa ripoti". Neno hilo linaniuma mpaka leo.

Miaka iliyofuata nilifanya kazi mchana na kusoma usiku, sina zaidi la kusimulia. Nilimsoma Bill Inmon, nikamsoma Ralph Kimball, waandishi wa vitabu vya maghala ya data, na kwa Kimball nikakutana na jambo lililonifungua macho: namna ya kutunza maelezo yanayobadilika. Chukua tawi la Tunduma. Mwaka 2014 lilikuwa Mkoa wa Mbeya. Mwaka 2016 Mkoa wa Songwe ukaanzishwa, na Tunduma ikawa Songwe. Ukifuta "Mbeya" na kuandika "Songwe", ripoti yako itaonyesha mikopo ya 2014 katika mkoa ambao haukuwapo. Dawa yake ni kuliwekea tawi safu mlalo mbili kwenye jedwali, kila moja na tarehe ya kuanza na ya kukoma, kisha kila mkopo ufuate safu ya wakati wake. Anayejua hili na sababu yake ananishawishi kuliko mwenye vyeti vitano.

Kwa hiyo jifunzeni SQL. Mkishaijua, rudini tena kwenye SQL. Halafu nendeni kwa watu wa mikopo, wa fedha, wa matawini, mkawaulize wanachojaza kwenye fomu na kwa nini. Msiogope kuonekana hamjui. Na muisome Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kwa sababu taarifa mnazozilaza humo ni za watu: mishahara yao, madeni yao, namba zao za simu. Msimamizi anayemfungulia kila mtu kila jedwali hafai kupewa funguo.

Vyeti vitakuja, mwajiri akivitaka. Kwanza jenga ghala dogo kwenye kompyuta yako. PostgreSQL, programu ya kanzidata, ni bure, na matokeo ya sensa yapo wazi: watu 44,928,923 mwaka 2012, watu 61,741,120 mwaka 2022. Pakia zote mbili kwa mikoa na wilaya, kisha jibu swali moja: Mbeya imeongezeka watu wangapi? Utakwama hapo hapo, maana sensa ya kwanza haina Songwe na ya pili inayo. Mbozi, Momba na Ileje zilihamia Songwe, na Chunya ikamegwa, sehemu yake ikaenda Songwe na nyingine ikabaki Mbeya. Andika kila uamuzi uliofanya na sababu yake, weka kazi hiyo kwenye wasifu wako. Siku ya usaili, mtu anayeijua kazi hii atakuuliza ulifanyaje na Chunya, na utakuwa na la kumjibu.