Jibu: Je, kuchanganya nyimbo kunaharibu albamu?

Umeuliza kama kuziacha nyimbo zijichanganye zenyewe, yaani zichezwe bila kufuata mpangilio wa albamu, kunaiharibu albamu. Kwangu mara nyingi hakuiharibu. Redemption Song ya Bob Marley ndiyo inayofunga albamu yake Uprising ya 1980, na nilizoea kuifikia baada ya besi na ngoma za bendi nzima. Juzi ilichomoza ghafla katikati ya nyimbo za dansi: sauti na gitaa tu. Nikaacha nilichokuwa nafanya. Nilimsikia mtu anayeaga, na kweli alifariki 1981. Ikafuata Pata Pata ya Miriam Makeba, nami nikachangamka tena. Ila upande wa pili wa Abbey Road, albamu ya Beatles, ambako nyimbo nyingi zimeunganishwa, usiuchanganye kabisa! Vipande vile vinahitajiana.